Nukta Mbili Pembeni mwa Daftari

Jumanne, 16 Septemba

Zabibu zimefika leo saa tatu asubuhi, siku tatu barabarani kutoka Ufaransa ndani ya lori la baridi. Monsieur Valéry alizipokea kofia mkononi, kama anayempokea mama mkwe. Mimi na Januari tulizipokea kwa migongo yetu. Makreti mia nne na ushee.

Nimeamua kuwa na kitabu changu mwaka huu, kwa sababu lile daftari la nyumba si mahali pa kusema unachofikiri. Mule unaandika saa, joto, harufu, basi. Nyumba ya Fauvernier inakamua zabibu tangu 1891, na Valéry ni kizazi cha nne. Shamba amebaki nalo dada yake. Yeye alioa Mswidi, akakodi pango la mwambani hapa Rissne, Uswidi, na kila Septemba analetewa fungu lake alifanye mvinyo.

Wafanyakazi ni wawili. Mimi nusu ya kazi yangu ni mapipa, nusu ni mdomo: Jumamosi napokea wageni nawasimulia habari za ukoo. Mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nawaeleza Waswidi adabu za mashamba ya Kifaransa. Januari ni mtu wa Hombolo, Dodoma, na baba yake alilima zabibu maisha yake yote. Pombe hanywi. Anaonja, anatema kwenye ndoo, anasema "bado," na Valéry mwenye diploma zake anasubiri.

Jumatano, 17 Septemba

Falsafa ya nyumba nimeisema mara nyingi hadi naweza kuisema usingizini: mvinyo hautengenezwi, unaachwa. Hakuna sukari, hakuna hamira ya kununua, hakuna dawa, hakuna mashine. Mwanadamu anausindikiza tu.

Mashine moja ipo. Mapipa makubwa mawili yako shimoni, chini ya ngazi kumi na nne. Juisi ikianza kuchachuka inatoa hewa ya ukaa, nayo ni nzito, haina rangi wala harufu, inatulia chini kama maji ndani ya beseni. Ukiivuta mara mbili tatu umekwisha. Kwa hiyo kuna feni ya kuitoa, imefichwa ndani ya bomba haionekani wala haisikiki, na lazima iwe inazunguka muda mrefu kabla mtu hajashuka kusukuma maganda yanayoelea. Zamani walishuka na mshumaa walioushika usawa wa goti. Ukizimika, unarudi. Mwanzilishi alimpoteza mdogo wake shimoni, ndipo akaweka sharti hilo. Wageni wanapenda sana sehemu hiyo.

Ila Valéry hataki neno "feni" liandikwe, kwa sababu daftari linakaa mezani wageni walifungue. Januari ndiye aliyepata njia, mwaka juzi. Aliyeondoka mwisho akiiacha feni inazunguka, anaweka nukta ya penseli pembeni mwa ukurasa. Anayefuata akiiona, anaweka nukta yake kando ya ile ya kwanza: nimesoma, nashuka. Kama hakuna nukta, hushuki. Valéry anadhani ni uchafu wa karatasi.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua. Pipa la kwanza limeanza kuchemka. Harufu yake inanifuata hadi nyumbani Jakobsberg, na Anitha, binti yangu, amenisogelea akakunja pua, kwa Kiswidi chake: "Mamma, du luktar," yaani nanuka. Nimemwambia harufu hiyo ndiyo inayolipa simu yake.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwenye jengo amekataza moto, hata wa kiberiti. Wageni bila mshumaa wataona wamepunjwa, kwa hiyo Valéry alinituma nikanunue wa betri. Nilipata mzuri kweli, wa nta, na ulimi wake unachezacheza kama moto wenyewe. Wageni kumi na sita waliushangilia.

Januari aliutazama.

"Dada Gis, na huu unazimika lini?"

"Betri zikiisha."

"Basi hiyo ni taa, dada. Usiniite nije kuona taa."

Mshumaa wake wa kweli anauficha na kiberiti kwenye kopo la maziwa ya unga, nyuma ya mlango wa shimo. Kila asubuhi anaangalia nukta, kisha anawasha mshumaa wake. Nilimcheka: nukta na mshumaa pia, huamini macho yako? Akasema baba yake alikuwa akifunga mlango mara mbili na wezi waliingia hivyo hivyo.

Jumatatu, 22 Septemba

Kipimo cha hewa cha ukutani kilipiga kelele jana wageni maalumu wakiwa ndani. Valéry alikichomoa, akakitia kwenye boksi. Atakirudisha wageni wa msimu wakiisha.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Kipimo bado kiko kwenye boksi.

Alhamisi, 25 Septemba

Januari ameonja pipa la pili, akatulia, akatema, hakusema "bado." Alisema, "Hili litakuwa kitu." Valéry alitamani kumkumbatia, ila mikono yote ilikuwa imejaa maganda. Mke wa Januari, Veneranda, ametuletea maandazi kutoka kwao Hässelby. Ananiita wifi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mumewe ananiita dada. Mimi sina ndugu hata mmoja katika mji huu, na neno hilo huwa linanigusa, ingawa sijawahi kumwambia.

Jumamosi, 27 Septemba

Januari hayupo zamu. Valéry ameliona kopo la mshumaa. Mwenye jengo anakuja kukagua wiki ijayo, kwa hiyo Valéry ameniagiza nilifungie. Nimelifungia kwenye droo yangu na kuweka ule wa betri nyuma ya mlango, pasikae tupu. Wageni ishirini.

Jumapili, 28 Septemba

Zamu yangu peke yangu. Maganda nimeyasukuma saa nane. Daftari nimeandika, nukta nimeweka. Natoka tu, Valéry akatuma ujumbe nizime feni, pipa la pili linapoa. Nimezima. Treni nimeiwahi kwa kukimbia. Anitha amepika tambi.

Jumatatu, 29 Septemba

Januari amekufa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nitaandika kila kitu hapa, kwa sababu hakuna mahali pengine nilipokiandika.

Jumatatu nilikuwa naingia saa nne. Nilipotoka kituoni Rissne niliona magari, nikadhani ni ajali ya barabarani. Valéry alikuwa amekaa chini kwenye lami na viatu vyake vya mpira. Yeye ndiye aliyemkuta, saa mbili na nusu. Alitaka kushuka, pumzi ikamwishia ngazi ya tano, akarudi akitambaa akaita watu wa zimamoto. Walishuka na mitungi ya hewa mgongoni wakampandisha. Alikuwa amelala kando ya pipa la pili, ule mti wa kusukumia umemwangukia, shati limelowa mvinyo. Mshumaa wa betri ulikuwa sakafuni karibu na mkono wake. Ulikuwa bado unawaka. Kijana wa zimamoto aliutoa akaninyooshea, na mimi nikatafuta swichi chini yake nikaizima, kama mtu mwenye shughuli zake.

Alikuta kopo halipo, akauchukua ule wa betri apate mwanga. Aliamini kitu kingine.

Nililiendea daftari kabla sijalia. Ukurasa wa Jumapili upo wazi mezani. Mwandiko wangu: saa nane, nyuzi ishirini na sita, harufu ya plamu. Pembeni, nukta yangu. Na kando yake nukta ya Januari, ya duara, amekandamiza penseli kama alivyozoea.

Niliiweka nukta feni ikizunguka, kisha feni nikaizima na nukta sikuifuta. Nilikuwa nimeshavaa koti. Daftari lilikuwa hatua sita kutoka swichi. Nilijiambia nitamtumia ujumbe ndani ya treni, na ndani ya treni nikatafuta kiti, nikapata, nikasahau. Hakuna zaidi ya hapo. Nimejaribu kuona kama kuna zaidi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Amekuja mkaguzi wa usalama kazini, mama wa makamo, anaongea polepole na kuandika haraka. Alikiona kipimo kwenye boksi, akakipiga picha. Akauliza feni ilikuwaje.

"Ilikuwa imezimwa," Valéry akasema. "Kila mtu hapa alijua inazimwa mvinyo ukipoa."

Mkaguzi akanigeukia. "Na marehemu alijua?"

Niliitika kwa kichwa. Hata mdomo sikuufungua. Ameandika.

Alipoondoka, Valéry alilia mbele yangu, kilio cha kweli. Kisha akalipapasa jalada la daftari. "Madame Ghislaine, tangu 1891 hakuna uongo humu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba feni inazunguka."

Kweli, hakuna. Kuna nukta mbili, na duniani kote amebaki mtu mmoja anayejua kuzisoma.

Jumapili, 5 Oktoba

Nyumbani kwa Veneranda, Hässelby. Watu wamejaa hadi kwenye ngazi za jengo. Nilipika maharage, nikaosha vyombo, nikaosha tena vilivyo safi. Mtu mmoja jikoni, simjui, alisema kwa sauti ya chini kwamba shati la marehemu lilinuka mvinyo. Mwingine akasema, "Ee, kazi zile." Nilifungua bomba nisisikie. Ningeweza kugeuka nikawajibu. Sikugeuka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwili umeondoka leo kwenda Dodoma, na Veneranda pamoja nao. Kwenye uwanja wa ndege alinishika mkono. Mvua.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumekamua pipa la pili. Valéry na mimi, na kibarua wa wiki moja. Feni inazunguka mchana kutwa. Kipimo kimerudi ukutani. Kila kitu sasa kiko mahali pake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kabatini kuna nakala za madaftari ya zamani. Miaka minne nimewaonyesha wageni majalada yake, sijawahi kusoma ndani. Leo nimesoma. Oktoba 1934, mwandiko wa mwanamke, nyanya yake Valéry: "Mshumaa umezimika ngazi ya sita. Hatukushuka. Jana pia hatukushuka. Pipa la tatu limeharibika lote. Watu salama." Amepigia mstari hayo maneno mawili ya mwisho.

Basi huko ndiko kuuacha mvinyo walikokusema wao. Waliuacha uharibike, mtu asishuke. Sisi tumechukua maneno tukaacha maana, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyatangaza kila Jumamosi nikiwa na mshumaa wa betri mkononi. Nina hasira na Valéry. Na kila nikifika mwisho wa hasira yangu naikuta ile nukta.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa msimu wa baridi. Saa kumi jioni jua limezama nyuma ya majengo. Anitha ameniuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hafanyi, "Mama, una nini?" Nimemjibu nimechoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Veneranda amerudi. Amenipigia simu mchana nikiwa nasafisha mipira ya maji.

"Wifi, nikuulize wewe uliyekuwa naye kila siku. Januari alikuwa ameanza kunywa?"

"Hapana, wifi. Hakunywa hata siku moja."

"Kule nyumbani habari ilitangulia kabla ya jeneza. Baba yake ameniuliza mbele ya watu. Mzee wa miaka themanini, ananiuliza mwanangu kafa mlevi?"

"Hakunywa, niko nakuambia."

"Sasa alishukaje bila kuangalia? Yeye anayefunga mlango mara mbili?" Akajijibu mwenyewe, kwa upole, kama anayenisaidia. "Labda alisahau."

Na mimi nikasema, "Labda alisahau."

Katika yote niliyoyafanya msimu huu, hili nalichukia kuliko mengine. Nukta ilikuwa haraka ya treni. Hili nilikuwa nimesimama, nina muda, nina akili zangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua inayotaka kuwa theluji. Sijala.

Jumanne, 11 Novemba

Valéry ameonja pipa la pili. Alifumba macho. Ni mvinyo bora aliowahi kuupata katika mji huu, anasema, pengine bora kuliko wa shamba mwaka huu. Mimi pia nimeonja, na nitaandika ukweli: ni mzuri sana. Nilitamani uwe siki.

Anataka kuupa jina la Januari. Liandikwe kwenye chupa, na mimi niwasimulie wageni habari za mtu aliyetoka Dodoma, mtoto wa mkulima, aliyeupenda mvinyo hadi akajisahau.

"Ni heshima, Madame Ghislaine. Ataingia katika ukoo wetu."

"Hakujisahau," nikasema.

"Ulimwambia mkaguzi alijua."

Hakulisema kwa ubaya. Anaamini. Nimemfanya aamini.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeisimulia. Wageni kumi na wawili. Nilisema kwa Kiswidi kizuri kabisa, kwa sauti yangu ile ya Jumamosi: mtoto wa mkulima, ulimi usiokosea, asubuhi moja ya Septemba akaenda kuutazama mvinyo wake akajisahau. Mama mmoja mwenye skafu ya bluu alilia. Akaniuliza kama tunauza tayari.

Walipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya juu. Imechukua wiki saba tu. Wiki saba, na Januari ameshakuwa hadithi, na hadithi ni ya uongo, na inatoka kwenye mdomo wangu. Mwakani nitaisema vizuri zaidi. Mwaka wa tatu nitaiamini.

Nimelitia daftari la nyumba kwenye mfuko wa plastiki, nikatoka nalo.

Jumapili, 16 Novemba

Hässelby. Veneranda alinifungulia akaniuliza kama nimekula. Nilimwomba akae. Nilifungua daftari juu ya meza, nikamwonyesha nukta za Septemba siku baada ya siku. Hii yangu, hii yake. Hii yake, hii yangu. Nilimwambia maana yake. Hakuelewa ninaelekea wapi, alifurahi hata, kuona alama za mkono wa mumewe. Akatabasamu kidogo. "Mambo yenu ya kitoto."

Kisha tukafika Jumapili ya tarehe ishirini na nane. Nikamwambia feni. Nikamwambia ujumbe wa Valéry, koti, hatua sita, treni. Nikamwambia kopo la mshumaa liko kwenye droo yangu hadi leo. Nikamwambia nilivyoitika mbele ya mkaguzi. Sauti yangu ilikuwa kavu, na nilishukuru ilikuwa kavu.

Aliweka kidole kwenye nukta ya pili.

"Hii ndiyo yake?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo aliangalia."

"Aliangalia."

"Hakusahau."

"Hakusahau, wifi."

Alikaa na kidole pale muda mrefu. Nje kulikuwa na watoto wanaburuza ubao kwenye matope wakisubiri theluji. Alipoinua uso hakuwa akilia.

"Siku ile ya simu nilikuuliza," akasema. "Ukaniacha nimwite mume wangu msahaulifu. Nimekwenda kanisani nimewaambia watu alisahau." Akalifunga daftari akaliweka upande wake wa meza. "Hili linabaki hapa hadi mkaguzi alione. Na ibada ya Kiswahili ni mwisho wa mwezi. Utasimama useme, wasikie wote, na wenye kurekodi warekodi, nimtumie baba yake. Umesikia, Ghislaine?"

Miaka minne hajawahi kuniita hivyo.

"Nimesikia."

Jumanne, 18 Novemba

Mkaguzi alikuja mwenyewe Hässelby. Nimeeleza tena, kwa Kiswidi. Alipiga picha ukurasa ule mara tatu, akiwa na rula kando yake. Ameniambia maneno niliyoitika mwanzoni yataandikwa upya na kwamba kesi inaweza kunihusu mimi pia, si Valéry peke yake. Nimesema najua.

Jumatano, 19 Novemba

Valéry amenipigia. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: tangu lini nukta zile? Nikamwambia, tangu ulipotukataza kuandika. Kisha akasema nisije tena kazini, nitaletewa barua.

Anitha nimemwambia yote. Alisikiliza, akaenda chumbani kwake, akarudi akakaa karibu yangu.

Ijumaa, 28 Novemba

Theluji ya kwanza. Barua imefika.

Jumapili, 30 Novemba

Nimesema. Watu kama sabini: Watanzania, Warundi, Wakongo, Wakenya wachache mwishoni. Khalfan, jirani yake Veneranda, Mwislamu, alikuja kwa ajili hii tu akakaa karibu na mlango. Nilisema Januari hakuwa mlevi. Nilisema hakusahau, alisoma alichoandikiwa, na aliyemwandikia ni mimi. Kuna mtu alisema "Mungu wangu" polepole. Waliozungumza jikoni ile siku nimewaona wanatazama viatu vyao. Simu tatu zilikuwa zimeinuliwa.

Veneranda alikaa mstari wa mbele amenyooka. Baada ya ibada alisimama mlangoni akapokea mikono ya watu, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia habari za Januari kwa jina lake. Nilipita upande mwingine nisimlazimishe kunipa mkono. Nikiwa nje nilisikia simu yake ikilia, na sauti ya mzee kutoka mbali, na Veneranda akisema, "Umesikia, baba? Aliangalia. Mwanao aliangalia."

Nimefika Jakobsberg nimelowa. Ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki umebaki nusu, na mkono wangu umeweka nukta pembeni kabla sijafikiri. Hakuna wa kuweka ya pili.